"Wimoweh" na "Kumbaya": Safari ya Maneno Mawili katika Mikusanyo ya Nyimbo Bora za The Weavers

Utangulizi

Mkusanyo wa nyimbo bora za kikundi cha muziki ni aina ya matini ambayo wanafasihi huipita bila kuitazama. Hauna wimbo mpya. Nyimbo zake zimekwisha kusikika, zimechaguliwa kwa kigezo cha mauzo na kupangwa upya ili ziuzwe mara ya pili. Kwa mwanahistoria wa fasihi simulizi, hata hivyo, mkusanyo wa namna hiyo una faida yake. Huziweka katika orodha moja nyimbo zilizotoka katika lugha na jamii mbalimbali, na kando ya kila wimbo huandika jina la mtu, au huacha kuliandika na kueleza kwamba wimbo huo ni wa asili. Safu hiyo ya majina, ambayo msikilizaji wa kawaida haisomi, ni kumbukumbu ya kihistoria yenye uzito kuliko maelezo marefu yanayochapishwa nyuma ya jalada.

Makala hii inaichunguza safu hiyo katika mikusanyo ya kikundi cha The Weavers cha Marekani, kupitia nyimbo mbili ambazo kikundi hicho kilizivumisha: "Wimoweh" na "Kumbaya". Historia za nyimbo hizi zinakwenda kinyume. Katika wimbo wa kwanza, neno halisi la Kibantu lilichukuliwa kuwa mlio usio na maana. Katika wa pili, maneno ya Kiingereza yalichukuliwa kuwa neno la Kiafrika. Makosa yote mawili yalifika mahali pamoja, yaani pale ambapo mtunzi hahitajiki. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba njia ya kufika huko ilisafishwa na fasili ya fasihi simulizi ambayo bado inafundishwa katika madarasa ya Kiswahili: ile inayosema kwamba wimbo wa jadi hauna mtunzi kwa kuwa ni mali ya jamii nzima.

Kikundi na santuri zake

The Weavers waliundwa mjini New York mwaka 1948. Walikuwa wanne: Pete Seeger, Lee Hays, Ronnie Gilbert na Fred Hellerman. Wote walitoka katika harakati za mrengo wa kushoto zilizoamini kwamba nyimbo za wakulima, wafungwa na vibarua zinafaa kuimbwa na kila mtu. Mwaka 1950, wakiwa chini ya kampuni ya Decca na wakisindikizwa na okestra ya Gordon Jenkins, wimbo wao "Goodnight, Irene" ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani kwa wiki 13. Mwenye wimbo huo, Huddie Ledbetter aliyejulikana kwa jina la Lead Belly, alikuwa amefariki Desemba 1949, miezi michache tu kabla.

Mafanikio hayo hayakudumu. Katika msako wa wakomunisti wa miaka ile, wanakikundi walitajwa mbele ya wachunguzi wa serikali, kumbi zikafungwa kwao, redio zikaacha kupiga nyimbo zao na Decca ikaachana nao. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1955 walirudi jukwaani katika ukumbi wa Carnegie Hall, na onyesho hilo likatolewa kwenye santuri na kampuni ya Vanguard mwaka 1957. Kwa sababu hiyo, nyimbo zao bora zimegawanyika katika hazina mbili. Mikusanyo ya Decca, ukiwamo ule wa mwaka 1996 unaohusu miaka ya Decca peke yake, ina sauti za studio zilizojaa ala za okestra. Mikusanyo ya Vanguard ina sauti za jukwaani, banjo na makofi ya hadhira. "Wimoweh" imo katika hazina zote mbili. Anayezisikiliza mfululizo hugundua kwamba ala zimebadilika sana, ilhali lile neno moja la kiitikio limebaki vilevile lilivyosikika vibaya mara ya kwanza.

Kutoka "uyimbube" hadi "wimoweh"

Wimbo uliozaa "Wimoweh" ulirekodiwa mwaka 1939 katika studio ya Gallo mjini Johannesburg. Mtunzi wake, Solomon Linda, alizaliwa mwaka 1909 huko Msinga, katika nchi ya Wazulu, na alikuwa mfanyakazi wa ghala la kampuni hiyohiyo ya Gallo ambako santuri zilipakiwa. Aliimba na kikundi chake, Evening Birds, na santuri ikapewa jina la "Mbube", yaani simba. Ilipendwa kiasi kwamba jina lake likawa jina la utanzu mzima wa uimbaji wa kwaya za wanaume wa Kizulu. Inakadiriwa kwamba hadi mwishoni mwa miaka ya 1940 ilikuwa imeuza nakala zipatazo 100,000. Linda alikuwa ameiuzia kampuni haki zake kwa shilingi kumi.

Nakala moja ilifika New York na kuangukia mikononi mwa mkusanyaji wa nyimbo za jadi Alan Lomax, ambaye alimpa rafiki yake Seeger. Seeger, asiyejua Kizulu, aliunukuu wimbo kwa sikio. Katika kiitikio alisikia kitu alichokiandika "wimoweh". Kilichokuwa kikiimbwa ni "uyimbube".

Inafaa kukaa kidogo na neno hili, kwa kuwa wengi walioandika kuhusu kisa hiki hulitaja kama kichekesho kisha wakaendelea na habari za fedha. "Uyimbube" ni sentensi kamili. Kiambishi u- ni cha nafsi. -Yi- ni kishirikishi kinachoambatana na nomino za ngeli ya imbube. Na imbube ni simba. Mswahili ataitambua sentensi hiyo mara moja, kwa kuwa lugha yake ina muundo unaofanana nayo sana katika kitenzi kishirikishi kipungufu: "u simba". Katika Kizulu kiambishi u- kinaweza kuwa cha nafsi ya pili au ya tatu, na tofauti huonyeshwa kwa toni, jambo ambalo Kiswahili sanifu hakina. Kwa hiyo sentensi hiyohiyo yaweza kumwambia mtu kwamba yeye ni simba, au kumsema mwingine kwamba ni simba.

Jinsi neno hilo lilivyobadilika katika sikio la Mmarekani nako kuna utaratibu wake. Mfuatano wa u na yi uligeuka kuwa wi, badiliko lililo jirani na kanuni ya kuunda viyeyusho ambayo katika Kiswahili huifanya mu-ana kuwa mwana. Mfuatano mb ulipoteza kipasuo ukabaki m. Irabu u ilisikika kama o. Kisha ipo b ya mwisho. Katika Kizulu, b isiyotanguliwa na nazali hutamkwa kwa kuivuta hewa ndani, sawa na b ya Waswahili wa pwani katika neno baba, ambayo ni tofauti na b ya mbuzi. Sikio la msemaji wa Kiingereza halina mahali pa kuiweka sauti hiyo. Huisikia laini, karibu na w. Ndivyo -mbube ilivyokuwa -moweh. Kila badiliko lina sababu ya kifonetiki, na mwanafunzi wa fonolojia ya Kibantu aliyepewa "wimoweh" peke yake angeweza kurudi nyuma hatua kwa hatua akakaribia neno la asili. Msikilizaji wa New York hakuwa na haja ya kufanya hivyo. Kwake, "wimoweh" ilikuwa mlio wa Afrika, wa aina moja na mdundo wa ngoma, na mlio haudai tafsiri.

Neno lilipokwisha kupoteza maana, maana nyingine ilitafutwa ili kuijaza nafasi. Seeger alieleza kwamba wimbo unahusu hekaya ya mfalme wa mwisho wa Wazulu, Shaka aliyeitwa Simba, ambaye hakufa Wazungu walipoitwaa nchi, bali alilala na siku moja ataamka. Maelezo hayo yana ushairi, na nia yake ya kisiasa yaonekana. Lakini Shaka hakuwa mfalme wa mwisho, na mwisho wake haukutokana na Wazungu: aliuawa mwaka 1828 na ndugu zake, akiwamo Dingane aliyemrithi. Lililo muhimu zaidi kwa mjadala huu ni kazi iliyofanywa na maelezo hayo. Utungo wa mfanyakazi wa ghala, uliorekodiwa studioni miaka kumi tu kabla, uligeuzwa kuwa hekaya ya taifa zima. Na hekaya, kwa mujibu wa vitabu, haina mtunzi.

Bwana Paul Campbell

Toleo la The Weavers lilitoka mwaka 1952 na kuingia katika orodha ya nyimbo zilizovuma. Jina lililoandikwa kama la mtunzi lilikuwa Paul Campbell. Mtu huyo hakuwapo. Lilikuwa jina la bandia ambalo kikundi na mchapishaji wao, Howard Richmond, walilitumia kusajili hakimiliki za nyimbo walizozihesabu kuwa za jadi, ili mapato ya toleo lao yasichukuliwe na wengine. Katika mikusanyo yao Campbell huonekana tena na tena. Mshirika wake katika "Kisses Sweeter Than Wine" anaitwa Joel Newman, naye pia hakuwapo: chini ya jina hilo alifichwa Lead Belly, ambaye wimbo wa Kiayalandi aliouimba kwa namna yake ndio ulioleta lahani.

Itakuwa si haki kuwahukumu wanakikundi hawa kama wezi wa kawaida. Walikuwa watu waliopoteza riziki kwa ajili ya imani zao. Seeger, kwa maelezo yake mwenyewe, alimtumia Linda dola 1,000, na baadaye alijuta kwamba hakuhakikisha mchapishaji ameweka mkataba na mwenye wimbo. Kinachostahili kuchunguzwa ni dhana iliyowafanya watu wema wasione tatizo, nayo ilikuwa ya kitaaluma kabla ya kuwa ya kibiashara: waliamini kwamba muziki wa asili ni kisima cha kijiji, kila apitaye huchota.

Kisa cha wimbo mwingine katika mikusanyo hiyohiyo kinaonyesha mipaka ya kisima hicho. "Tzena, Tzena, Tzena", uliokuwa upande wa pili wa santuri ya "Goodnight, Irene", ni wimbo wa Kiebrania ambao lahani yake ilitungwa na Issachar Miron huko Palestina mwaka 1941. Nao ulitolewa kwa jina la kubuni, Spencer Ross, kana kwamba ni wimbo wa jadi uliopangwa upya. Tofauti ni kwamba Miron alikuwa hai, alijitokeza, na alikuwa na mchapishaji New York aliyekuwa tayari kwenda mahakamani. Mwaka 1954 mahakama ilimtambua kuwa ndiye mtunzi. Linda alikuwa hai vilevile mwaka huo. Alikuwa Johannesburg, mtu mweusi chini ya sheria za ubaguzi, na wimbo wake ulikuwa umekwisha kubatizwa jina ambalo yeye mwenyewe asingelitambua akilisikia. Ikumbukwe pia kwamba neno sahihi na jina la mwenyewe havikuwa siri. Miriam Makeba aliurekodi wimbo huo kwa Kizulu katika albamu yake ya mwaka 1960 iliyotolewa Marekani, ukiitwa "Mbube", na jina la Linda liliandikwa, ijapokuwa herufi ya mwanzo ya jina lake la kwanza ilikosewa.

"Kumbaya": kosa la upande wa pili

Miaka ya mwisho ya 1950 The Weavers walianza kuimba "Kumbaya". Kwa sikio la Mbantu, neno hili lina sura ya nyumbani. Silabi zake ni wazi, lina mb katikati, na Mswahili anaweza hata kulikata vipande, ku-mbaya, akadhani amepata kitu. Vitabu vidogo vya nyimbo vilivyosambazwa Marekani wakati huo viliuhesabu wimbo huo kuwa wa Afrika, kutoka Angola. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba wamisionari waliukuta huko.

Ushahidi wa kumbukumbu wasema vingine. Mwaka 1926 mkusanyaji Robert Winslow Gordon aliurekodi wimbo huu kwenye silinda ya nta huko Georgia, kutoka kwa mwimbaji Mwamerika mweusi. Silinda hiyo imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Maneno yake ni ombi la Kiingereza kwa Mungu kwamba apite mahali hapa, likitamkwa kwa lafudhi ya Wamarekani weusi wa kusini, wakiwamo Wagullah wa pwani ya Georgia na Carolina ya Kusini. Walioandika "kumbaya" waliinukuu lafudhi hiyo kwa herufi zilizoifanya ionekane lugha nyingine.

Hapa pana kinyume kamili cha "wimoweh", na kinastahili kutajwa waziwazi. Mzulu aliposema sentensi yenye kiambishi nafsi, kishirikishi na nomino, alisikika akitoa mlio. Mwamerika mweusi aliposema Kiingereza, alisikika akisema Kiafrika. Katika hali zote mbili aliyekuwa akisema hakuulizwa. Kama angeulizwa, angejibu kwa neno moja, na wimbo ungepata mahali pake katika ramani na katika safu ya majina. Wanaisimu wamezoea kulieleza kosa la kusikia kuwa tukio la fonetiki. Visa hivi viwili vyaonyesha kwamba linaanza mapema zaidi, pale msikilizaji anapoamua ni nani anayeweza kuwa anasema maneno yenye maana.

Fasili ya fasihi simulizi

Fasili inayoinyima fasihi simulizi mtunzi si ya New York peke yake. Imekuwamo katika vitabu vya kiada vya Kiswahili tangu somo hilo lilipoanza kufundishwa: fasihi andishi ina mwandishi, fasihi simulizi ni mali ya jamii. Ruth Finnegan aliipinga mapema, mwaka 1970, akionyesha nafasi ya msanii binafsi katika utungaji wa Kiafrika. M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, alitoa kigezo kilicho imara zaidi: fasihi simulizi ni tukio, nalo hufungamana na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Kigezo hicho kikitumika kwa "Mbube", hakuna kipengele kinachokosa jibu. Fanani ni Solomon Linda na Evening Birds. Mahali ni studio ya Gallo. Wakati ni 1939. Hadhira ni wafanyakazi Wazulu wa mijini walionunua santuri. Ni kwa fasili ya zamani tu kwamba wimbo huo ungeweza kuitwa wa jadi.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wasomi wa Kiswahili kwa kuwa mapokeo yao wenyewe yanaikataa fasili hiyo. Mtunzi wa utenzi hujitaja. Mwana Kupona, katika utenzi aliomtungia binti yake mwaka 1858, aliacha jina na tarehe mwishoni mwa utungo, na desturi hiyo ilikuwa imezoeleka kabla yake. Utenzi uliimbwa na kughaniwa, ulisafiri midomoni mwa watu, ukabadilika, na bado ulibeba jina. Kwamba jamii inautumia utungo hakujawahi kumaanisha, Lamu wala Mombasa, kwamba hakuna aliyeutunga.

"Malaika" na simba wa 1994

Ipo tofauti moja inayopaswa kuzingatiwa. Yawezekana kudhani kwamba laiti neno lingehifadhiwa, haki ya mtunzi nayo ingehifadhika. "Malaika" inaikanusha dhana hiyo. Ilitoka Afrika Mashariki ikiwa na Kiswahili chake kamili. Seeger aliiimba, na Makeba na Harry Belafonte waliiweka katika albamu yao ya mwaka 1965 iliyopata tuzo ya Grammy ya muziki wa asili. Maneno yalivuka bahari bila kuharibika sana. Umiliki haukuvuka. Fadhili William, aliyeirekodi kwanza nchini Kenya, aliidai hadi kifo chake mwaka 2001. Adam Salim wa Tanzania alidai kuwa aliitunga mwaka 1945. Tuzo yenyewe iliihesabu kazi hiyo kuwa muziki wa asili wakati ambapo wenye kudai wimbo walikuwa hai Nairobi na kwingineko. Kuhifadhi neno ni kazi ya mwanaisimu. Kuhifadhi jina kunahitaji pia mkataba na wakili.

Ndivyo ilivyokuja kuwa kwa Linda, ambaye alifariki mwaka 1962. Mwaka mmoja kabla, kikundi cha The Tokens kilikuwa kimeutoa wimbo wake kwa maneno mapya ya Kiingereza, "The Lion Sleeps Tonight", na kushika nafasi ya kwanza Marekani. Simba wa Shaka alikuwa amelala kweli sasa, na wenye hakimiliki wapya walikuwa watatu. Mwaka 1994 kampuni ya Disney iliuweka wimbo huo katika filamu ya The Lion King. Simba wa filamu hiyo anaitwa Simba, kwa Kiswahili. Baadaye Disney ilisajili maneno "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara, jambo lililozua malalamiko makubwa mwaka 2018: maneno ambayo kwa hakika ni mali ya jamii yalipata mmiliki, ilhali utungo wa mtu mmoja ulikuwa umeitwa mali ya jamii.

Warithi wa Linda walifungua madai Afrika Kusini mwaka 2004 kwa kutegemea sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia katika makoloni. Sheria hiyo ilizirudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi, yaani, kwa Linda, mwaka 1987, miaka saba kabla ya filamu. Shauri halikufika hukumuni. Februari 2006 yalifanyika maafikiano ambayo yalimtambua Linda kuwa mmoja wa watunzi wa "The Lion Sleeps Tonight" na kuwapa warithi mrabaha. Maafikiano hayo yalihusu fedha na jina la mtunzi. Jina la wimbo hayakuligusa, na katika mikusanyo ya The Weavers inayoendelea kuuzwa, iwe ya Decca au ya Vanguard, wimbo bado umeorodheshwa kwa tahajia ya Seeger.